Sheria, kanuni, amri au mkataba: karatasi ipi ya Washington ni ya kutegemea?

Kliniki ya uzazi wa mpango iliyoko Kenya, Tanzania au Uganda inaweza kupata fedha za Marekani kupitia milango miwili tofauti. Mlango wa kwanza una sharti liitwalo Sera ya Mexico City: shirika lisilo la Kimarekani linalopokea fedha hizo halitakiwi kutoa mimba kama njia ya uzazi wa mpango wala kuitetea huduma hiyo, hata kwa fedha lilizopata kwingine. Serikali ya Reagan ililitangaza mwaka 1984 kwenye mkutano wa idadi ya watu mjini Mexico City. Clinton akalifuta Januari 1993, Bush akalirudisha Januari 2001, Obama akalifuta Januari 2009, Trump akalirudisha Januari 2017, Biden akalifuta Januari 2021, na Trump akalirudisha tena Januari 2025. Mlango wa pili ni PEPFAR, mpango wa kupambana na Ukimwi, uliotiwa saini kuwa sheria tarehe 27 Mei 2003 kwa kiwango cha dola bilioni 15 kwa miaka 5, ukahuishwa 2008, 2013 na 2018 chini ya marais wa vyama vyote viwili.

Nchi mfadhili ni ile ile, na mara nyingi wagonjwa ni wale wale. Kinachotofautiana ni karatasi. Sharti la mlango wa kwanza limeandikwa kwenye waraka wa rais, mlango wa pili kwenye sheria iliyopitishwa na Bunge. Kwa hiyo shirika linalotaka kushawishi Washington, mfanyabiashara anayeuza nguo huko, au familia inayosubiri viza, linapaswa kuuliza mapema: jambo letu limeandikwa kwenye karatasi ya aina gani, na tungetaka liandikwe kwenye ipi?

Rais ana nini mkononi

Ibara ya Pili ya Katiba, iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787, ni fupi kuliko wengi wanavyodhani. Rais ni amiri jeshi mkuu. Anaweza kuwataka wakuu wa wizara watoe maoni kwa maandishi. Anasamehe makosa dhidi ya serikali ya shirikisho. Anafunga mikataba kwa ridhaa ya theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria, anateua majaji na mabalozi kwa ridhaa ya Seneti, anapokea mabalozi wa nchi nyingine, na anatakiwa kuhakikisha sheria zinatekelezwa kwa uaminifu. Amri ya rais, ile tunayoiona ikitiwa saini mbele ya kamera, haikutajwa popote. Na mfuko wa pesa haumo katika ibara hiyo kabisa: Ibara ya Kwanza, kifungu cha 9, inasema hakuna fedha itakayotoka hazina ila kwa sheria ya matumizi.

Je, amri inapata wapi nguvu? Jibu linalotumika hadi leo lilitolewa mwaka 1952. Tarehe 8 Aprili mwaka huo Rais Truman aliamuru serikali itwae viwanda vya chuma ili mgomo usikwamishe vita vya Korea. Ilipofika 2 Juni, Mahakama ya Juu ilikwisha kuibatilisha amri hiyo kwa kura 6 kwa 3. Jaji Robert Jackson alieleza ngazi tatu. Rais akitenda kwa idhini ya Bunge, nguvu zake ziko kileleni. Bunge likiwa kimya, yuko kwenye giza la alfajiri, anaweza kushinda au kushindwa. Akitenda kinyume cha matakwa ya Bunge, anabaki na nguvu zake za Katiba peke yake, na hapo ndipo zilipo dhaifu zaidi. Truman aliangukia ngazi ya tatu, kwa sababu Bunge lilipojadili sheria ya migogoro ya kazi ya 1947 lilikataa kuipa serikali mamlaka ya kutwaa viwanda, likaweka utaratibu mwingine wa kusimamisha mgomo kwa siku 80. Utaratibu huo ulikuwepo na hakuutumia.

Ngazi hizo tatu ndizo kipimo cha kila kitu kinachofuata hapa.

Amri, tangazo na waraka: majina matatu, mzizi mmoja

Watu hupoteza muda wakibishana kama amri ya rais ina uzito kuliko tangazo. Kisheria uzito wake hautokani na jina lililoandikwa juu, unatokana na mamlaka yaliyotajwa ndani. Tofauti zilizopo ni za utaratibu. Amri hupewa namba na huchapishwa katika Federal Register, gazeti rasmi la serikali lililoanzishwa kwa sheria ya 1935. Rasimu yake kwa kawaida hupitia ofisi ya bajeti ya Ikulu, kisha ofisi ya ushauri wa kisheria ya Wizara ya Sheria. Tangazo nalo hupewa namba na kuchapishwa. Ndilo chombo cha kawaida katika mambo ya viza na ushuru. Waraka hauna namba, na si kila waraka unachapishwa, hivyo ni vigumu kuufuatilia.

Sifa kuu ya karatasi hizi ni kasi. Zinaweza kuanza kazi saa ile ile wino unapokauka. Kasoro kuu nayo ni hiyo hiyo: rais anayefuata anazifuta kwa wino wa kiasi kile kile. Watanzania waliliona hili. Bahati nasibu ya viza imewekwa na sheria ya uhamiaji ya 1990, kwa hiyo rais hawezi kuifuta. Lakini sheria ya uhamiaji ya 1952 ina kifungu 212(f) kinachomruhusu kuzuia kuingia kwa kundi lolote la wageni akiona kuingia kwao kuna madhara kwa maslahi ya Marekani. Tangazo la 31 Januari 2020 lilitumia kifungu hicho kuwasimamishia Watanzania na Wasudani viza za bahati nasibu. Biden aliliondoa tarehe 20 Januari 2021, siku aliyoapishwa. Waliochaguliwa kwa mwaka wa fedha ulioisha 30 Septemba 2020 hawakusaidiwa na uamuzi huo, kwa sababu viza ya bahati nasibu isiyotolewa kabla ya 30 Septemba ya mwaka wake inapotea. Katazo lilidumu chini ya mwaka mmoja, lakini kwa aliyeshinda mwaka ule lilikuwa la moja kwa moja. Hili ndilo jambo la kusikitisha katika karatasi zinazofutika haraka: hasara haifutiki pamoja nazo.

Amri zinaanguka kwa sababu gani? Mara nyingi kwa haraka ya uandishi. Amri ya 27 Januari 2017 iliyozuia raia wa nchi 7, Somalia na Sudan zikiwemo, ilianza kutumika papo hapo, ikawanasa kwenye viwanja vya ndege hata wenye ukaazi wa kudumu, na wiki moja baadaye jaji wa Seattle aliisimamisha. Amri ya pili ilitolewa 6 Machi ikiwa imerekebishwa. Ya tatu, safari hii kama tangazo, ilitoka 24 Septemba baada ya wizara kupitia taarifa za nchi zote, ikaeleza sababu za kila nchi na nafasi za misamaha. Hiyo ya tatu ndiyo Mahakama ya Juu iliyoikubali tarehe 26 Juni 2018, kwa kura 5 kwa 4. Kifungu cha sheria kilikuwa kile kile tangu mwanzo. Kilichobadilika ni kazi iliyofanywa nyuma ya karatasi.

Sababu nyingine ni kubebesha kifungu kidogo mzigo mkubwa. Mpango wa Biden wa kufuta mikopo ya wanafunzi, uliokadiriwa dola bilioni 400 hivi, uliegemea sheria ya 2003 iliyompa waziri wa elimu ruhusa ya kurekebisha masharti wakati wa dharura. Mahakama ilisema 30 Juni 2023 kwamba kurekebisha si kufuta. Anayetaka jambo kubwa asilitundike kwenye msumari mdogo.

Kanuni ya wizara: polepole, lakini ina mizizi

Kanuni ndiyo njia isiyopigwa picha, na kwa mambo mengi ndiyo tunayoipendekeza. Hatua zake zimewekwa na sheria ya utaratibu wa utawala ya 1946. Wizara huchapisha pendekezo kwenye Federal Register, hupokea maoni ya umma, mara nyingi kwa siku 30 hadi 60, hulazimika kujibu hoja nzito zilizoletwa, kisha huchapisha kanuni ya mwisho ambayo kwa kawaida haianzi kutumika kabla ya siku 30. Kanuni kubwa kiuchumi husubiri siku 60, na kabla ya hapo hukaguliwa na ofisi ya Ikulu kwa muda unaoweza kufika siku 90. Kutoka wazo hadi kanuni hesabu mwaka mmoja au zaidi.

Jambo ambalo wengi nje ya Marekani hawalijui: maoni hayo yanaweza kutumwa na mtu yeyote, raia au mgeni, kupitia tovuti ya regulations.gov. Chama cha wauza maua wa Naivasha au jumuiya ya Wakongo wa Ohio wana haki sawa ya kuandika. Maoni yenye takwimu na hoja ya kisheria yana thamani kuliko sahihi elfu kumi za barua moja iliyonakiliwa, maana wizara isiyojibu hoja nzito inaweza kushindwa mahakamani kwa sababu hiyo tu.

Kufuta kanuni kunadai safari ile ile iliyoizaa. Hata waraka wa waziri una kiasi cha ugumu huo. Tazama kisa cha DACA, mpango wa kuwalinda wasirudishwe makwao vijana walioletwa Marekani wakiwa watoto. Ulianza 15 Juni 2012 kwa waraka, ila wa waziri wa usalama wa ndani, si wa rais. Serikali ya Trump ilipoufuta Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilisema Juni 2020 kwamba ufutaji haukueleza sababu za kutosha wala kupima hali ya watu walioutegemea. Ungekuwa waraka wa rais mwenyewe, hoja hiyo isingekuwepo, kwa sababu tangu 1992 mahakama inashikilia kwamba rais si "wakala", yaani chombo cha utawala kinachofungwa na sheria ile ya 1946. Kwa hiyo ukiwa na chaguo la kuomba saini ya rais au ya waziri, saini ya waziri inaonekana ndogo lakini ni ngumu zaidi kuifuta. Mwaka 2022 serikali ya Biden iliugeuza mpango huo kuwa kanuni kamili.

Yapo mashimo mawili. La kwanza ni kalenda. Sheria ya 1996 inaliruhusu Bunge jipya kufuta kwa kura ya kawaida kanuni zilizofikishwa kwake ndani ya siku 60 za mwisho za vikao vya Bunge lililotangulia, na kanuni inayofanana nayo haiwezi kutolewa tena bila sheria mpya. Siku hizo ni za vikao, si za kalenda, hivyo kanuni inayochelewa hadi katikati ya mwaka wa nne wa rais tayari iko hatarini. La pili ni hukumu ya 28 Juni 2024 iliyoondoa desturi ya miaka 40 ya majaji kukubali tafsiri ya wizara pale sheria inapokuwa na utata. Sasa jaji anasoma sheria mwenyewe. Kanuni iliyoegemea maneno yasiyo wazi imepungukiwa na ukuta.

Sheria: nguvu kubwa, na bado si kinga kamili

Muswada unapita Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe 435 kwa wingi wa kawaida. Seneti yenye viti 100 kwa kawaida inahitaji kura 60 ili mjadala ufungwe, isipokuwa miswada ya bajeti inayopita njia maalumu ya wingi wa kawaida. Kisha rais ana siku 10, bila kuhesabu Jumapili. Akipiga kura ya turufu, mabaraza yote mawili yanahitaji theluthi mbili kumshinda. Kufikia 2021 kura za turufu zaidi ya 2,500 zilikuwa zimepigwa tangu mwanzo wa taifa, na 112 tu ndizo zilizoshindwa. Kipande cha sheria hawezi kukikataa na kukubali kingine: Mahakama ililizuia hilo mwaka 1998.

Kazi hiyo ngumu inalipa kwa kuwa kuiondoa sheria kunadai ugumu ule ule. Ila wanaoomba sheria hufanya makosa matatu yanayojirudia.

Kosa la kwanza ni kusherehekea idhini na kusahau matumizi. Sheria inayoanzisha mpango ni moja. Inayotoa pesa ni nyingine, hupitishwa kila mwaka, na mwaka wa fedha huanza 1 Oktoba. Mpango usio na fungu ni jina tu.

La pili ni kuamini kwamba fungu likipitishwa limekwisha kufika. Sheria ya 1974 inamtaka rais asiyetaka kutumia fedha aliombe Bunge lizifute, na akishaomba anaweza kuzishikilia siku 45. Mwishoni mwa Agosti 2025 Ikulu iliomba kufuta dola bilioni 4.9 za misaada ya nje. Siku 45 zilivuka 30 Septemba, siku ambayo fedha hizo zingeisha muda. Tarehe 26 Septemba Mahakama ya Juu iliruhusu dola bilioni 4 hivi ziendelee kushikiliwa wakati kesi ikiendelea. Kabla ya hapo, amri ya 20 Januari 2025 ilikwisha kusimamisha misaada kwa siku 90, na hata PEPFAR, pamoja na sheria yake, ilitikiswa. Kwa hiyo anayeshawishi aombe fedha zenye uhai wa zaidi ya mwaka mmoja. Dirisha hilo la Septemba linafungwa kwa njia hiyo tu.

La tatu ni kuacha ufunguo mlangoni, na hapa AGOA inafundisha kuliko sheria nyingine yoyote inayotugusa. Ni sheria ya Mei 2000 iliyoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru, na mwaka 2015 iliongezewa muda hadi 30 Septemba 2025. Ushuru wenyewe umewekwa na Bunge, lakini nani anastahili anaamua rais, kwa tangazo. Burundi ilitolewa kuanzia 1 Januari 2016. Kongo Kinshasa ilitolewa 2011, ikarudishwa 2021. Uganda ilitolewa kuanzia 1 Januari 2024. Kisa cha mitumba ndicho kilicho wazi zaidi: wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana 2016 kuondoa nguo za mitumba hatua kwa hatua, chama cha wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani kikalalamika 2017, Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma, Rwanda ikakataa. Tarehe 29 Machi 2018 Rwanda ilipewa notisi ya siku 60, na mwishoni mwa Julai nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha wa ushuru. Kiwanda kilichojengwa kwa hesabu ya miaka 10 ya sheria kilikuwa, kwa kweli, na uhakika wa siku 60. Ukisoma sheria ya aina hii, tafuta maneno "rais anaweza" kabla hujatafuta tarehe ya mwisho.

Mkataba au makubaliano

Hapa kuna hesabu moja ya kukumbuka. Tarehe 20 Novemba 1993 Seneti ilipiga kura 61 kwa 38 kuhusu NAFTA, mapatano ya biashara na Mexico na Kanada. Yakapita. Tarehe 4 Desemba 2012 Seneti hiyo ilipiga tena 61 kwa 38 kuhusu mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Ukaanguka. NAFTA ililetwa kama muswada wa kawaida, ikahitaji wingi wa kawaida katika mabaraza mawili. Mkataba wa walemavu uliletwa kama mkataba chini ya Ibara ya Pili, ukahitaji theluthi mbili. Idadi ya kura ilikuwa ile ile, uzio ndio uliotofautiana. Ndiyo maana mapatano ya biashara karibu yote hupita njia ya muswada.

Njia ya tatu ni makubaliano ya rais peke yake. Sheria ya 1972 inataka Bunge litaarifiwe, lakini halipigi kura. Mapatano ya Paris kuhusu tabianchi yaliingia hivyo mwaka 2016, yakaachwa Novemba 2020, yakarudiwa Februari 2021, na Januari 2025 rais aliagiza yaachwe tena. Kwa jambo la kiufundi kati ya wizara mbili, njia hii inatosha. Kwa jambo linalodai ushuru upungue, haitoshi hata kidogo: mpango wa biashara wa Marekani na Kenya uliozinduliwa Julai 2022 haukugusa viwango vya ushuru, kwa kuwa kuvigusa kungehitaji Bunge.

Na mkataba kamili haumfungi rais milele. Carter alivunja mkataba wa ulinzi na Taiwan bila kura ya Seneti, na mwaka 1979 Mahakama ya Juu ilikataa kuingilia. Bunge lilijifunza: Desemba 2023 lilitunga sheria inayomzuia rais kuitoa nchi NATO bila theluthi mbili ya Seneti au sheria mpya.

Kuna karatasi moja inayovunja utaratibu wote huu, nayo ni msamaha. Ni wa saini moja, na ukishatolewa na kupokelewa rais anayefuata hawezi kuutengua, kama ule wa Ford kwa Nixon wa 8 Septemba 1974. Lakini haufiki kwenye makosa ya majimbo, na mwenye kesi ya jimbo la Texas au Minnesota anatakiwa kumwendea gavana au bodi ya jimbo lake.

Uombe ipi

Jambo likiwa la dharura na linahusu namna wizara inavyotumia mamlaka iliyo nayo tayari, omba amri au tangazo, na siku hiyo hiyo anza kuomba kanuni. Usingoje uchaguzi. Likiwa linahusu haki ya watu wengi kwa miaka mingi, omba kanuni ianze mwaka wa kwanza wa rais ili ikamilike mwaka wa pili au wa tatu. Likihitaji pesa mpya au ushuru, hakuna njia ya mkato, ni Bunge. Ukilazimika kuchagua kati ya sheria pana yenye "rais anaweza" nyingi na sheria nyembamba yenye "rais atafanya", chukua nyembamba.

Na kama karatasi tayari iko mbele yako, isome kwa sehemu tatu. Mwanzoni tafuta ni sheria gani imetajwa. Ikiwa ni "Katiba na sheria za Marekani" bila kifungu chochote, uko karibu na giza la alfajiri la Jackson. Katikati tazama tarehe ya kuanza na walioondolewa. Kisha nenda mwisho. Amri nyingi hufungwa kwa maneno yanayofanana: kwamba zitatekelezwa kulingana na sheria na kadiri fedha zitakavyopatikana, na kwamba hazimpi mtu yeyote haki anayoweza kuidai mahakamani dhidi ya Marekani. Wasomaji wengi huishia kabla ya hapo. Kama unachohitaji ni kitu cha kumwonyesha jaji, sentensi hiyo imekwisha kukuambia utafute kanuni au sheria.